Mtoto Mwenye Njaa Hafundishwi Lishe kwa Chaki

Siku hizi mtoto wa Gredi ya Nne katika shule ya umma ya Meru au Embu hufundishwa somo liitwalo Kilimo na Lishe. Hujifunza kwamba kuna vyakula vya kuupa mwili nguvu, vyakula vya kuujenga na vyakula vya kuukinga na maradhi. Huchora sahani, akaigawa mafungu matatu, akapaka rangi yai, samaki na glasi ya maziwa. Kengele ya adhuhuri inapolia, wale waliolipiwa chakula na wazazi wao huenda jikoni na bakuli zao. Wale ambao hawakulipiwa hubaki uwanjani wakicheza, au wakijifanya kucheza. Alasiri wote hurudi darasani, na ile sahani ya rangi ingali imebandikwa ukutani.

Silipingi somo hilo hata kidogo. Ni jema mtoto ajue anachokula, na katika nchi ambamo soda na vibanzi vya pakiti vimefika hadi kwenye kibanda cha mwisho cha Mbeere, maarifa hayo yanahitajika kuliko zamani. Ninalopinga ni ule mtindo wa viongozi wetu wa kulifanya somo badala ya chakula. Mtoto wa maskini hujifunza kula kwa kula. Tabia yake ya ulaji hujengwa na kile kinachotiwa katika bakuli lake siku baada ya siku, na kama bakuli ni tupu, hakuna mwalimu, hakuna mhubiri, wala hakuna bango la wizara litakalomjengea tabia hiyo. Wahenga walikwisha kusema kwamba mkono mtupu haulambwi.

Tumezoea kusikia katika mabaraza na semina kwamba watoto wa maskini hudumaa kwa sababu mama zao hawajui lishe. Ni kauli inayowapendeza wakubwa, maana haiwagharimu kitu. Lakini ni nani aliyewafundisha nyanya zetu wa Runyenjes na Nkubu kumpikia njahi mama aliyejifungua? Ni afisa gani aliyewaonyesha watu wa Tharaka na Mbeere kwamba mtama, mawele, kunde na mbaazi hustahimili kiangazi ambacho mahindi hayawezi? Nduma, viazi vikuu, uji wa wimbi, mnavu na mchicha uliojiotea kando ya shamba: vyote hivi vilikuwa mezani kabla ya neno lishe kuandikwa katika silabasi. Elimu ilikuwapo. Kilichobadilika ni shamba lenyewe, lililogawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi likabaki kipande cha majani chai au kahawa chenye nyumba katikati. Nakubali kwamba sehemu ya elimu hiyo imepotea pia, na kwamba wapo watoto leo wanaoona haya kula mnavu kwa kudhani ni chakula cha mafukara. Hilo linafundishika. Ila tusimtwike mama mzigo wote kwa sababu tu hana wa kumtetea.

Wala sisemi haya kwa kubahatisha. Miongoni mwa ushahidi ulio thabiti kabisa duniani kuhusu chakula cha mtoto wa shule ni ule uliokusanywa hapa hapa kwetu, katika tarafa ya Kyeni Kusini, wilaya ya Embu kama ilivyoitwa wakati huo. Naomba msomaji anivumilie nieleze kwa urefu, kwa kuwa ni aibu kwamba utafiti huu unajulikana zaidi katika vyuo vya Marekani kuliko katika makanisa ya Kyeni.

Katika miaka ya 1980 watafiti wakiongozwa na Profesa Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walifuatilia ulaji wa familia za Embu, huku wenzao wakifanya vivyo hivyo Misri na Meksiko. Waliona kwamba watoto wa Embu waliishi karibu kabisa kwa mahindi na maharagwe, na kwamba wale wachache waliopata nyama na maziwa walikua vizuri zaidi na kufanya vyema zaidi katika vipimo vya akili. Hata hivyo, mtu angeweza kupinga. Angeweza kusema kwamba mwenye nyama ni tajiri, na mtoto wa tajiri hufaulu kwa sababu nyingine mia. Wakili yeyote wa upande wa pili angeanzia hapo.

Kwa hiyo watafiti walirudi mwaka 1998 na jaribio lililofunga mlango huo. Shule 12 za msingi ziligawanywa kwa kura katika mafungu manne ya shule tatu tatu. Watoto wa darasa la kwanza katika fungu la kwanza walipikiwa githeri yenye mboga na nyama ya ng'ombe ya kusaga. Fungu la pili walipata githeri na maziwa. Fungu la tatu walipata githeri iliyoongezwa mafuta, ili nguvu ya chakula ilingane na ile ya mafungu mengine mawili. Fungu la nne halikupata chakula, na wazazi wao wakapewa mbuzi wa maziwa mwishoni mwa utafiti. Kazi hiyo iliendelea siku za shule kwa takriban miaka miwili, ikipitia kiangazi kikali cha mwishoni mwa muongo ule.

Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 2003. Watoto waliokula nyama waliwapita wenzao wote katika mtihani wa kufikiri usiotumia maneno, ule wa kukamilisha michoro. Misuli ya mikono yao iliongezeka zaidi. Uwanjani walionekana wakicheza kwa nguvu zaidi, wakianzisha michezo na kuwaongoza wengine. Maziwa yaliwasaidia kurefuka wale waliokuwa wadogo zaidi na wale waliokwisha kudumaa. Vitamini B12, ambayo haimo katika mahindi wala maharagwe hata ukila debe zima, iliongezeka katika damu ya waliokula nyama na ya waliokunywa maziwa. Tusitie chumvi: si kila kipimo kilionyesha tofauti, na maziwa hayakuleta faida ile ile ya akili iliyoletwa na nyama. Lakini uchambuzi mwingine uliochapishwa mwaka 2014 ulitazama mitihani ya kawaida ya shule, ile inayosahihishwa na walimu kwa kalamu nyekundu, na ukaona tena kwamba waliokula nyama ndio walioongeza alama zaidi.

Tafakari maana yake, ndugu msomaji. Watoto hao hawakupewa mhadhara juu ya protini. Walipewa kijiko cha nyama ndani ya githeri waliyoizoea tangu kuachishwa ziwa. Kijiko hicho kikaonekana katika mkono, katika mchezo na katika hesabu. Leo wao ni watu wazima waliopita umri wa miaka 30, na wengi wana watoto katika shule zile zile. Dunia imejifunza kutokana na miili yao. Je, watoto wao wamepata nini?

Hapa lazima niseme neno juu ya ng'ombe aliye zizini, kwa kuwa najua swali litakaloulizwa. Ikiwa Meru na Embu ni nchi ya maziwa, mbona watoto wanywe turungi? Jibu limo katika mfuko wa mwenye ng'ombe. Maziwa ya asubuhi huenda kwenye chama cha ushirika, maana ndiyo yanayoleta fedha mwisho wa mwezi. Mayai hukusanywa yakauzwe sokoni. Kuku mwenyewe hungoja siku ya karo. Mtoto hulichunga yai ambalo hatalila. Mama anayeuza yai hilo si mjinga wa lishe. Amepiga hesabu akaona kwamba daftari na mafuta ya taa havingoji. Katika Igembe hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa shamba ni miraa na chakula hununuliwa. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ilipoizuia kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, kuna nyumba ambazo chakula cha jioni kilipotea kwa sababu ndege haikuruka. Mtoto wa nyumba kama hiyo anahitaji sehemu ya chakula ambayo hakuna shida ya nyumbani itakayoiuza, na mahali pa kuiweka sehemu hiyo ni sufuria ya shule.

Kenya iliwahi kujua jambo hili, kwa namna yake. Mwaka 1979 Rais Moi aliagiza watoto wa shule za msingi wapewe maziwa bure. Mimi ni mmoja wa waliokunywa maziwa yale katika pakiti za pembe tatu. Nayakumbuka kwa furaha wala sioni haya kulisema. Lakini hebu tuyatazame kwa jicho la sheria. Yalitoka kwa agizo la mtu mmoja, yakaitwa kwa kaulimbiu ya mtu huyo, nasi watoto tukafundishwa kumwimbia na kumshukuru. Yalipoanza kuchelewa, kisha kukosekana, hadi kukoma kabisa katika miaka ya 1990, hakuna mzazi aliyeweza kusimama popote na kudai. Angedai nini? Hisani haina risiti. Wazee wetu waliopambana hadi kifungu cha 2A kikaondolewa mwaka 1991 walielewa kwamba ubaya wa utawala ule haukuwa katika kunyima peke yake. Ulikuwa pia katika kutoa, maana aliyetoa leo kwa kupenda angeweza kunyima kesho kwa kuudhika.

Katiba ya 2010 ilikuja kuandika kama haki kile kilichokuwa hisani. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Wengi wanakijua, na mawakili wa Serikali wanakijua zaidi, kwa sababu kifungu cha 21 kinasema haki za kifungu cha 43 zitafikiwa hatua kwa hatua. Basi kila ukidai chakula huambiwa kwamba hatua bado. Lakini soma kifungu cha 53. Kinasema kila mtoto ana haki ya lishe ya kimsingi, makao na huduma za afya. Kifungu cha 21 kinapozungumzia utekelezaji wa hatua kwa hatua hukitaja kifungu cha 43 peke yake; cha 53 hakikutajwa. Kwa maoni yangu hayo hayakutokea kwa bahati mbaya. Mtu mzima anaweza kungoja barabara miaka kumi. Mwili wa mtoto hautangoja. Atakapofikiwa na hatua, kimo chake kitakuwa kimekwisha kuamuliwa.

Mahakama za kwingineko zimewahi kuyasikia maombi ya namna hii. India, ambako mwaka 2001 ghala za Serikali zilijaa nafaka ilhali watu walikuwa na njaa, Mahakama ya Juu iliagiza mwezi Novemba mwaka huo kwamba kila mtoto wa shule ya msingi ya umma apewe chakula kilichopikwa. Haikusema apewe kijitabu. Afrika Kusini, ambayo katiba yake ina maneno yanayokaribiana sana na ya kifungu chetu cha 53, Mahakama Kuu iliagiza Julai 2020 kwamba chakula cha shule kirejeshwe kwa wanafunzi wote waliostahili, wawe wamerudi darasani au wangali nyumbani kwa sababu ya korona.

Na tusidhani kwamba kifungu cha 53 hakijawahi kufanya kazi milimani kwetu. Tarehe 27 Mei 2013, katika Mahakama Kuu ya Meru, watoto wasichana waliokuwa wamenajisiwa, wakisaidiwa na shirika la Ripples International la papo hapo Meru, walipata hukumu dhidi ya polisi waliokuwa wamekataa kuchunguza malalamiko yao ipasavyo. Kesi hiyo ilihusu uovu wa aina nyingine, lakini ilithibitisha jambo ambalo kila mwanaharakati anapaswa kulikariri: mtoto maskini wa Meru anaweza kuiita Serikali mbele ya jaji kwa kutumia kifungu cha 53, na akashinda. Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu au chama kufanya hivyo kwa niaba ya wengine, na kinakataza kutozwa ada ya kufungua shauri la namna hiyo.

Zipo hoja za upande wa pili, na si haki kuzipuuza. Ya kwanza husema kumlisha mtoto ni kazi ya mzazi. Kweli, na Katiba yenyewe inawapa baba na mama wajibu ulio sawa. Ningependa kila baba wa Igembe na wa Manyatta asome mstari huo kabla ya kupitia kwenye klabu. Lakini aya ya wajibu wa wazazi imewekwa karibu na aya ya lishe bila kuifuta. Hoja ya pili husema fedha hazipo. Nchi iliyoona mwaka 2024 jinsi wananchi walivyowaka Mswada wa Fedha ulipotaka kuutoza mkate wa kawaida kodi ya asilimia 16, hadi pendekezo hilo likaondolewa mwezi Juni, inajua kwamba fedha hupatikana au hukosekana kulingana na nani amepiga kelele. Mei mwaka huo huo, magavana wa Pwani walipopiga marufuku muguka, viongozi wa Embu waliungana kwa siku chache, wakafika Ikulu na mahakamani. Siwalaumu, maana muguka ndiyo mkate wa nyumba nyingi za Mbeere. Na bunge la Kaunti ya Meru lilipata muda wa kupiga kura mara tatu kumwondoa gavana, Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024. Ningefurahi kuuona umoja wa Embu na bidii ya Meru vikielekezwa, kwa wiki moja tu, kwenye kikombe cha maziwa cha mtoto wa chekechea.

Hoja ya tatu ndiyo ya kisheria, na gavana mwerevu ataitumia: shule za msingi ni za Serikali ya kitaifa. Sawa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi kaunti elimu ya chekechea, kilimo na huduma za afya za kaunti. Mtoto wa miaka minne na mitano ni wa gavana, wala hana pa kumsukumia. Kwa shule za msingi, kifungu cha 187 kinaruhusu ngazi mbili za serikali kupatana. Nairobi ilipoanzisha mpango wa Dishi na County mwaka 2023, mzazi akichangia shilingi 5 kwa sahani, Katiba haikupasuka.

Mpango wa kitaifa wa chakula shuleni, ule ulioanza kutumia mazao ya hapa nchini mwaka 2009 na ambao Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilimaliza kuukabidhi kwa Serikali mwaka 2018, umeelekezwa hasa kwenye sehemu kame. Kaunti zetu zimo katika orodha ya kaunti 23 za ukame, lakini kwa ajili ya Mbeere, Tharaka na Meru Kaskazini. Mtoto wa kibarua wa majani chai kule juu, anayeishi katikati ya kijani kibichi kinachopigwa picha na watalii, hahesabiki kuwa na njaa. Mvua inamnyeshea, kwa hiyo inadhaniwa ameshiba.

Basi somo lenyewe lifundishweje? Naona lianzie jikoni, na mwalimu wake wa kwanza awe mpishi. Mpishi wa shule mara nyingi ni mama anayelipwa kiasi kidogo na wazazi, bila mafunzo yoyote, ilhali yeye ndiye anayegusa miili ya watoto 400 kila siku. Afundishwe, alipwe, aheshimiwe. Ajue kwamba mahindi na maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva upesi, kuni hupungua, na madini ya chuma na zinki yaliyomo huupata mwili kwa urahisi zaidi. Ajue kutia mboga mwishoni, zisichemke hadi zikafa. Mahindi yenye ukungu yarudishwe yalikotoka, hata kama yametolewa na mheshimiwa. Mwaka 2004 watu 125 walikufa, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Watoto nao wajue kwa nini wanapewa chungwa au pera baada ya githeri, na kwa nini chai isinywewe pamoja na chakula: pera husaidia chuma kuingia mwilini, chai huizuia. Hayo ni maarifa ya dakika kumi, yakielezwa kwenye foleni huku harufu ya chakula ikinukia. Mtoto atakwenda nyumbani kumweleza mama yake, na mama ataamini kwa kuwa mtoto ameshiba.

Nyama kila siku ni ghali, nami sitaahidi nisichoweza kukipigia hesabu. Lakini yai mara mbili kwa wiki, omena iliyosagwa ndani ya githeri au maziwa kutoka vyama vyetu vya ushirika si ndoto za mtu aliyelewa. Meru ina Meru Central Dairy Co-operative Union, chama cha wakulima chenye kiwanda chake cha kusindika maziwa. Kaunti ikinunua humo kwa ajili ya chekechea, shilingi ya kodi itarudi kwa mkulima yule yule ambaye mtoto wake anakunywa. Kuhusu mashamba ya shule, yanayosifiwa sana siku hizi, nina tahadhari. Kitalu cha mchicha ni darasa zuri, lakini hakilishi shule nzima, na mara nyingi hugeuka kuwa mahali pa kuwaadhibu watoto kwa jembe. Jambo moja zaidi: wote wale sufuria moja. Chakula kinachotolewa kwa walioandikwa kuwa maskini peke yao humshibisha mtoto huku kikimvunjia heshima, na nimewaona watoto wakikataa sahani ili wasijulikane.

Makanisa hayawezi kukaa pembeni katika jambo hili. Presbiteri, Methodisti, Anglikana na Katoliki walijenga shule na hospitali katika milima hii kabla ya serikali ya kujitawala kuwapo. Chogoria, Maua, Nkubu na Kyeni ni mashahidi. Marehemu David Gitari, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Mount Kenya East kuanzia 1975, alitikisa mimbari kwa mahubiri dhidi ya uonevu, na dayosisi hiyo hiyo ikawafundisha wahudumu wa afya wa vijijini. Hakuona kwamba hizo ni kazi mbili. Marko anasimulia kwamba Yesu alipomfufua binti wa Yairo, aliagiza pia kwamba binti apewe chakula. Lakini nenda leo kwenye shule nyingi za Jumapili: mtoto hupewa peremende kwa kukariri mstari wa Biblia, na siku ya harambee hupewa soda na mkate mweupe kama zawadi ya heshima. Ndizi, karanga za kuchemsha na uji wa wimbi vinagharimu kidogo kuliko hivyo, na vinafundisha zaidi.

Kuna kazi ya kufanya kabla bajeti ijayo haijafungwa, na kila parokia na kila kikundi cha wanaharakati kinaweza kuianza wiki hii. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe: mpango wa maendeleo wa kaunti huwasilishwa kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na bunge la kaunti huidhinisha kufikia Juni 30. Anayefika mwezi Juni akilia amechelewa. Fikeni mapema katika vikao vya umma, msimame, mtaje kiasi na fungu: chakula cha chekechea, katika kila wadi, kila siku ya shule. Dai lenu liandikwe katika kumbukumbu za kikao, na mwombe nakala.

Kisha kikundi kiandike barua kwa kaunti chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kikiuliza ni watoto wangapi wa chekechea waliopata chakula mwaka uliopita, kwa gharama gani, na ni fungu gani limetengwa mwaka huu. Ofisi inatakiwa kujibu kwa muda usiozidi siku 21. Ukijibiwa kwamba fungu lipo, nenda jikoni ukalione. Ukijibiwa kwamba halipo, ihifadhi barua hiyo vizuri, yenye tarehe na muhuri, maana ndiyo itakayokuwa kiambatisho cha kwanza cha ombi letu katika Mahakama Kuu.